Kufufua Tamiya Hornet ya 1984: mwongozo kamili wa kununua, kujenga upya, kuboresha na kutunza

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Mwaka 1979 yakafuata magari ya mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher, na mwaka 1984 zikatoka Grasshopper na Hornet, ndugu wawili wenye chasisi na giaboksi za ukoo mmoja. Grasshopper ilikuja na mota ndogo ya aina ya 380 na bodi ya ABS, plastiki ngumu. Hornet ilipewa mota kubwa zaidi ya 540, bodi nyembamba ya polikaboneti (plastiki angavu inayonyumbuka) na shokapu za mafuta nyuma.

Tunaifuata Hornet kwa sababu spea zake zinapatikana. Tamiya iliirudisha sokoni mwaka 2004, na sehemu nyingi za toleo hilo huingia kwenye gari la 1984 bila shida. Kwa hiyo anayeanza anaweza kujifunza juu yake bila kuharibu kitu kisichopatikana tena. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa Grasshopper, Frog, Lunch Box na mengi ya wakati ule.

Kanuni moja inatangulia zote: sehemu asilia usiifanyie jambo ambalo huwezi kulirudisha. Usiitoboe, usiikate, usiipake rangi. Ukitaka kubadilisha kitu, nunua sehemu ya toleo la marudio, ikate hiyo, na ile ya 1984 itie kwenye mfuko wenye lebo.

Amua kwanza: la rafuni au la kukimbiza

Gari la rafuni linathaminiwa kwa ukamilifu wake: boksi, kitabu cha maelekezo, stika ambazo hazijakatwa, rimu zisizo na nyufa, skrubu zake zenyewe. Gari la kukimbiza linathaminiwa kwa uimara. Anayechanganya mawili hayo hupata hasara pande zote: bodi ya 1984 hupasuka kwenye mti, na gari hukimbia vibaya kwa kuwa bushi zake za plastiki ni zilezile za zamani.

Njia tunayoipendekeza ni kununua gari moja lililochakaa, kulijenga kwa sehemu za marudio likimbie, na kutunza sehemu asilia nzuri zilizotoka humo. Polepole hizo zitakuwa mwanzo wa gari la pili, la rafuni.

Kununua bila kudanganywa

Namba ya bidhaa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ushahidi wa kwanza. Hizi ndizo zinazoulizwa mara nyingi:

- Rough Rider: asilia 58015 (1979), marudio 58441 kwa jina la Buggy Champ (2009)
- Sand Scorcher: asilia 58016 (1979), marudio 58452 (2010)
- Frog: asilia 58041 (1983), marudio 58354 (2005)
- Grasshopper: asilia 58043 (1984), marudio 58346 (2005)
- Hornet: asilia 58045 (1984), marudio 58336 (2004)
- Hotshot: asilia 58047 (1985), marudio 58391 (2007)
- Lunch Box: asilia 58063 (1987), marudio 58347 (2005)

Boksi likikosekana, mwaka uliochorwa ndani ya plastiki usikushawishi. Alama ya kalibu ya zamani (chombo cha kumiminia plastiki) inaweza kubaki kwenye sehemu iliyomiminwa miaka 20 baadaye. Tazama stika, kwa kuwa matoleo ya marudio mara nyingi yamepoteza nembo za baadhi ya wadhamini wa zamani. Tazama pia mfumo wa umeme: gari la 1984 lilidhibitiwa mwendo kwa swichi ya kimakanika iliyosukumwa na servo ya pili (mota ndogo inayosogeza mkono kwa amri ya rimoti), pamoja na rizista, kipunguza umeme kinachopata moto. Muuzaji akisema gari ni la 1984 na halijaguswa, lakini ndani mna kontrola ya kielektroniki, ama limeguswa ama si la 1984.

Omba picha sita kabla ya kulipa: chini ya chasisi, pua na bampa kwa karibu, giaboksi kwa nyuma, ndani ya chumba cha betri, rimu zote nne, na bodi ikiwa imeshikwa dhidi ya mwanga. Picha ya mwisho ndiyo inayofichua nyufa za polikaboneti zilizozibwa kwa stika. Pua ya chasisi ndiyo inayopokea kila mgongano, na tundu za skrubu pale huwa zimepanuka au zimepasuka.

Magari mengi mazuri bado yanatoka kwenye minada ya Japani, kule kule yanakotoka magari yetu ya mitumba. Likija na chaja yake, soma kibandiko kabla ya kuichomeka. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, na chaja ya huko ikiwekwa kwenye 230 au 240 za kwetu itaungua papo hapo. Itunze kama sehemu ya seti, nunua chaja nyingine.

Zana

Kinachoharibu magari haya kuliko ajali ni bisibisi isiyo sahihi. Skrubu za msalaba za Kijapani hufuata JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips ina ncha inayozuia kukaa vizuri humo, hivyo huruka na kula kichwa cha skrubu. Tafuta ya JIS namba 2 kwa skrubu za milimita 3, na namba 1 kwa ndogo zaidi. Usitumie drili ya umeme kukazia. Kwenye plastiki huwezi kuhisi ni lini uzi unakatika.

Vingine: ufunguo wa heksagoni wa milimita 1.5 kwa skrubu ndogo ya gia ya mota, spana ya boksi ya milimita 7 kwa nati za M4 na ya 5.5 kwa nati za M3, koleo ya mdomo mwembamba, kalipa, multimita, chuma cha kulehemu cha wati 60 hivi, mswaki laini, mifuko midogo ya kufungika na kalamu ya wino usiofutika. Chuma cha wati 25 cha fundi simu ni dhaifu kwa waya nene za betri. Kitapasha waya polepole hadi ganda liyeyuke, na lehemu yenyewe itaganda juu bila kushika.

Kufungua

Piga picha kabla ya kila hatua, hasa mpangilio wa washa (vile viduara vya chini ya nati) na upande zinakoelekea springi. Fungua kwa mafungu: bodi na bawa la nyuma, umeme, mbele, giaboksi. Kila fungu liwe na mfuko wake, na ndani mna skrubu zake. Urefu wa skrubu hutofautiana kwa milimita mbili tatu tu, lakini ndefu ikiingia mahali pa fupi hutokeza upande wa pili au hupasua nguzo ya plastiki.

Skrubu iliyogoma kwa kutu usiilazimishe. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa chake kwa sekunde tano hadi kumi, joto lishuke kwenye uzi, kisha ifungue ingali ya moto. Usipulizie mafuta ya kupenyeza kutu karibu na ABS au polikaboneti. Baadhi yake huzifanya zipasuke siku kadhaa baadaye, na utadhani ni uzee.

Kusafisha na kutibu plastiki

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki vinatosha kwa asilimia kubwa ya uchafu. Thina na petroli zikae mbali. Mafuta ya taa yaoshe vyuma peke yake, yaani ekseli, springi na gia za chuma. Kutu nyepesi kwenye skrubu hutoka zikilazwa kwenye siki usiku kucha, kisha zisuguliwe, zioshwe, zikaushwe mara moja na kupakwa mafuta mepesi.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye chumba cha betri, hiyo ni alkali iliyovuja. Vaa glavu, futa kwa pamba yenye siki hadi povu liishe, suuza, kausha. Waya iliyoliwa ndani ya ganda huwa nyeusi na haishiki lehemu. Ikate hadi ufikie shaba inayong'aa au uibadilishe yote.

Rimu nyeupe zilizogeuka manjano zinaweza kurudi. Chukua krimu ya saluni ya haidrojeni peroksaidi ya 40 volume, yaani asilimia 12, vaa glavu na miwani, paka tabaka nene, funga kwa nailoni nyembamba ya jikoni na uanike juani. Kila saa moja fungua, sambaza krimu upya, geuza. Jua letu ni kali, hivyo anza kukagua baada ya saa mbili. Krimu ikikauka mahali itaacha mabaka meupe yasiyotoka. Kamwe usiifanye kwenye plastiki ya rangi wala karibu na stika.

Sehemu za nailoni zilizokauka huwa na ukakamavu wa kioo, kwa kuwa nailoni hupata unyumbufu wake kutoka kwenye maji iliyoyanyonya. Zichemshe kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, ziache zipoe ndani ya maji hayohayo. ABS haifaidiki na hilo, na maji yanayochemka yanaweza kuipinda. Kabla ya kuweka kitu kwenye sufuria hakikisha ni nini: nailoni huteleza kidogo mkononi na haing'ai sana, ABS ni kavu na hung'aa.

Ufa kwenye chasisi ya ABS unazibika vizuri. Toboa tundu la milimita 1.5 hadi 2 mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Hapa kanuni ya kutotoboa haivunjwi, kwa kuwa bila tundu hilo utapoteza chasisi nzima. Yeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni hadi viwe uji mzito, paka ndani ya ufa, bana, acha saa 24. Kwa upande wa ndani bandika kipande cha ABS cha milimita 1.5 kama kiraka. Tundu la skrubu lililopanuka lijaze kwa uji huohuo, acha likauke kabisa, kisha toboa upya kwa keekee ya milimita 2.5 kwa skrubu ya 3.

Giaboksi na beringi

Hapa ndipo fedha kidogo inapozaa zaidi. Gari la 1984 lilitoka na bushi za plastiki. Zikiisha, ekseli hucheza, gia hupishana, meno huliwa. Pima kila bushi kwa kalipa. Kwenye magari ya Tamiya ya enzi hizo utakutana zaidi na vipimo viwili: milimita 5 kwa 11 kwa 4, na milimita 5 kwa 8 kwa 2.5. Duka la beringi la mjini halijui habari ya Tamiya, lakini linajua MR115 kwa kile cha kwanza na MR85 kwa cha pili. Omba zenye kifuniko cha mpira, 2RS. Za kifuniko cha chuma, ZZ, huingiza mchanga upesi. Unapoziingiza sukuma ukingo wa nje pekee. Ukisukuma wa ndani, mipira itaacha alama kwenye njia yake na beringi itanguruma tangu siku ya kwanza.

Osha gia zote, kagua kila jino dhidi ya mwanga. Jino lililochongoka kama la papa ni la kutupa. Paka grisi nyepesi kwenye gia za nailoni, kiasi cha kuonekana tu. Giaboksi iliyojazwa grisi hupoteza nguvu na hupasha mota. Gia ndogo za ndani ya difu zinaweza kupewa grisi nzito zaidi, ili tairi moja likiinuka hewani lisichukue nguvu yote.

Gia ya mota ikiwa ya alumini na meno yamelika upande mmoja, weka ya chuma. Mhimili wa mota ya 540 una kipenyo cha milimita 3.17, wa 380 ni 2.3, hivyo gia ya Grasshopper asilia haiingii kwenye mota ya Hornet. Kaza skrubu ndogo ya gia juu ya ubapa wa mhimili, si juu ya duara. Tone moja la gundi ya kufungia nyuzi linafaa hapa kwa kuwa ni chuma kwa chuma, ila lisubiri likauke kabla ya kufunga mota. Gundi hiyo ikigusa ABS au polikaboneti huipasua. Angalia pia skrubu mbili za M3 zinazoshika mota: zikiwa ndefu mno zitaingia ndani na kukwaruza nyaya zake.

Kabla ya kuweka mota, zungusha ekseli kwa vidole. Inapaswa kwenda bila kukwama mahali popote. Ikikwama sehemu ileile kila mzunguko, kuna uchafu kwenye jino. Ikikaza pale tu unapofunga skrubu za mwisho, beringi moja haijakaa kwenye kiti chake.

Skrubu za kujikatia nyuzi zinahitaji mkono wa pole wakati wa kurudisha. Izungushe kwanza kinyume hadi uisikie ikidondoka kwenye uzi wake wa zamani, ndipo ukaze mbele. Ukiruka hatua hiyo itakata uzi mpya, na baada ya mara tatu tundu limekwisha.

Shokapu, na kwa nini Hornet inarukaruka

Kwenye Hornet mota na giaboksi vimebebwa na ekseli ya nyuma, vinapanda na kushuka pamoja na matairi. Uzito huo wote uko upande wa chini wa springi. Tairi likigonga kokoto, shokapu zina kazi ya kutuliza kipande kizito kuliko zinavyoweza, na mkia wa gari unaruka. Springi ngumu zaidi huzidisha tatizo.

Kinachosaidia ni mafuta sahihi. Badilisha oringi, kagua fimbo kama imekwaruzwa, jaza mafuta ya silikoni ya 300 hadi 400 cSt (kipimo cha uzito wa mafuta), pandisha na kushusha pistoni taratibu, kisha acha wima dakika kumi hadi mapovu yapande. Funga fimbo ikiwa imeingia nusu. Shokapu mbili zikisukumwa pamoja lazima zirudi kwa kasi moja. Moja ikitoa sauti ya kunyonya, ina hewa, ifungue tena. Mafuta huwa mepesi kwenye joto, kwa hiyo adhuhuri ya Dar es Salaam au Mombasa 400 inafaa kuliko 300. Usitumie mafuta ya injini wala ya breki, yote mawili huvimbisha au kula oringi.

Mbele kuna springi bila mafuta. Kwa gari la kukimbiza, kuweka shokapu fupi za mafuta mbele ni badiliko linalohisiwa mara moja kwenye usukani.

Umeme

Mfumo wa zamani uende kwenye mfuko ukiwa kamili: servo mbili, swichi ya mwendo, rizista, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ya 27 MHz na kristali zake. Kwa gari la rafuni ni mali. Kwa gari la kukimbiza ni chanzo cha hasara, kwa kuwa mawasiliano huingiliwa, swichi huungua, na rizista hugeuza nguvu ya betri kuwa joto.

Utahitaji rimoti ya 2.4 GHz ya chaneli mbili, servo moja ya ukubwa wa kawaida yenye nguvu ya kilo 3 hadi 6 kwa sentimita, na kontrola ya kielektroniki ya mota zenye brashi. Hobbywing QuicRun 1060 imezoeleka kwa kuwa ni nafuu, inahimili maji kiasi, na ina vijiti viwili vya kuchagua: kimoja aina ya betri, kingine kama unataka mbele, breki na nyuma, au mbele na nyuma tu. Fuata mpangilio huu:

1. Ondoa kabisa kisanduku cha betri nne za AA kilicholisha risiva ya zamani. Kontrola mpya inalisha risiva yenyewe. Vyanzo viwili vikikutana kwenye risiva, kimoja au vyote vitaungua.
2. Usichomeke servo ya zamani kwenye risiva mpya kabla ya kuangalia mpangilio wa waya. Leo chanya hukaa katikati. Baadhi ya chapa za zamani zilipanga vingine, na servo huungua kwa sekunde.
3. Lehemu kapasita tatu za 0.1 µF, zenye alama 104, kwenye mota ikiwa hazipo: moja kati ya ncha mbili, na moja kutoka kila ncha hadi kwenye kopo, yaani ganda la chuma la mota. Kwaruza kopo kwa msasa kwanza, la sivyo lehemu haishiki.
4. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Kuzima ni kinyume.
5. Servo ikiwa imewashwa na kukaa katikati yake, ndipo ufunge mkono wake. Meno ya mhimili hutofautiana: 25 kwa Futaba, 24 kwa Hitec, 23 kwa Sanwa na KO. Mkono usio wake utaonekana kama umeingia, kisha utajikata meno kwenye kona ya kwanza.
6. Inua matairi ya nyuma juu ya kipande cha mbao, vuta kichochezi kidogo. Ukivuta na kontrola ikafanya breki au kurudi nyuma, geuza chaneli kwenye rimoti. Ikiwa kontrola iko mbele lakini matairi yanazunguka kinyume, badilishana waya mbili za mota.

Plagi nyeupe ya Tamiya inatosha kwa mota ya kawaida ya mizunguko 27 ya waya (mizunguko ikipungua, mota huwa kali zaidi). Lakini ikilegea hupata moto na kuyeyuka, na wengi hudhani betri ndiyo mbovu. Ukipandisha nguvu, weka plagi ya XT60 au ya T, pande zote mbili.

Betri salama zaidi kwa kuanzia ni ya NiMH (nikeli) ya seli sita, volti 7.2, mAh 3000. Kwa chaji ya ampea 3 itajaa kwa saa moja na dakika chache. Lipo, betri ya lithiamu, ya seli mbili ina nguvu zaidi, ila zingatia mambo matatu. Chumba cha betri kilichongwa kwa pakiti yenye kingo za mviringo, hivyo nunua lipo yenye umbo hilo, usikate chasisi. Kontrola lazima iwekwe kwenye upande wa lipo ili izime kabla seli haijashuka chini ya volti 3. Na usiitumie kamwe na swichi ya kimakanika, ambayo haina njia ya kuzima yenyewe. Mashirika ya ndege yana masharti makali juu ya betri hizi, kwa hiyo ulizia dukani nchini kwako kabla ya kuagiza mbali.

Mota ya zamani ijaribu kwa betri mbili za AA. Ikizunguka kwa utulivu, iache hivyo dakika chache ili kaboni (brashi zake) zikae sawa kwenye komyuteta, pete ya shaba inayozunguka ndani ya mota. Ikitoa cheche nyingi za rangi ya chungwa na harufu kali, itunze kama ukumbusho na uweke mpya.

Bodi na rangi

Bodi ya polikaboneti hupakwa ndani, si nje. Ioshe ndani kwa sabuni ya vyombo na usiiguse tena kwa vidole. Ziba madirisha kwa ndani, puliza tabaka tatu au nne nyepesi zikipishana dakika 15 hadi 20. Rangi iwe ya polikaboneti. Kwa Tamiya ni zile za PS, na nyeusi ni PS-5. Rangi za TS ni za plastiki ngumu kama bodi ya Grasshopper, na ukizipuliza kwenye polikaboneti zitabanduka vipande bodi ikijikunja mara ya kwanza. Ukiwa na rangi mbili, anza na nyeusi kuliko zote. Siku ya mvua subiri, unyevunyevu huipa rangi ukungu.

Bodi ya Grasshopper iliyopakwa vibaya huvuliwa rangi kwa kulowekwa kwenye mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, ikikaguliwa kila baada ya saa chache. Polikaboneti usiiloweke humo, hupasuka.

Nyufa za bodi ya kukimbiza huimarishwa kwa ndani: wavu wa nyuzi za kioo unaotumiwa kuziba maungio ya jipsamu, juu yake gundi nzito ya viatu. Stika kubwa zibandike kwa maji yenye matone mawili ya sabuni, zitelezeshe hadi mahali pake, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda kingoni.

Safari ya kwanza na mpangilio wa kuongeza nguvu

Punguza au ongeza fito za usukani hadi matairi ya mbele yaelekee ndani kwa digrii moja au mbili. Yakielekea nje gari litayumba kwenye mstari ulionyooka. Endesha dakika tano, simama, gusa mota. Kama huwezi kuushikilia mkono hapo kwa sekunde tatu, kuna msuguano mahali fulani, au gia ya mota ni kubwa mno. Kaza upya nati za matairi, skrubu za mota na za pua. Baada ya betri ya kwanza huwa zimelegea.

Gari likikatakata mwendo, kwanza angalia plagi, pili kapasita za mota, tatu waya ya antena ya risiva isiwe imelala juu ya kontrola. Likigeuka vizuri kushoto na vibaya kulia, mkono wa servo haukufungwa katikati. Mlio wa kusaga unapoondoka kwa nguvu ni gia, na kila mita unayoongeza inatafuna jino jingine.

Nguvu zaidi ije mwisho, baada ya beringi, kontrola, betri na matairi. Torque Tuned ya mizunguko 25 au Sport Tuned ni kikomo chenye busara. Mota kali za mizunguko 15, au zisizo na brashi, zinaweza kuingia, lakini mkia unaorukaruka hutua huku matairi yakizunguka kwa kasi kubwa, na mshtuko huo wote huishia kwenye meno ya difu na mahali giaboksi inaposhikana na chasisi. Anayetaka kasi ya kweli anunue gari lililoundwa kwa ajili hiyo, Hornet aiache iwe Hornet.

Ufukweni Hornet hupendeza sana, na ufukwe ndio unaoiua. Chumvi huanza kula beringi na skrubu siku hiyohiyo. Ondoa betri, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta kwenye kila beringi kabla ya kulala.

Kutunza

Kwa wakazi wa pwani adui ni unyevunyevu, kwa wa bara ni vumbi na jua la dirishani. Kabati lenye mlango wa kioo, mbali na dirisha, na vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, vinatosha. Lipo ihifadhiwe ikiwa kwenye volti 3.8 kwa seli, nje ya gari, ndani ya chombo kisichoshika moto.

Gari likae juu ya kigingi, matairi yakining'inia, yasije yakapata ubapa. Na matairi ya mpira yasiguse plastiki nyingine kwa muda mrefu, iwe rafu, bodi au boksi la ndani la polistairini. Kemikali zinazolainisha mpira huhamia kwenye plastiki na kuiyeyusha, na alama hiyo haifutiki kwa msasa wala kwa rangi. Kwa seti mpya ambayo haijafunguliwa, hilo ndilo jambo la kukagua kila mwaka: matairi yako kwenye mfuko wake, na mfuko haujatoboka.